Mlango wa Lukman

Jetoni nyekundu ilikuwa akili ya Florentine mwenyewe, tusitafute mtu mwingine wa kumbebesha lawama. Kile kituo cha afya cha Beni, mashariki ya Kongo, tangu zamani kilikuwa na jetoni, vipande vya plastiki vya kupangia foleni, za rangi mbili tu: kijani za watoto na njano za akina mama wajawazito. Wengine wote walikaa kwenye mabenchi wakisukumana mpaka jina liitwe. Florentine alipofika kutoka Butembo, mzaliwa wa mtaa wa Kimemi hukohuko, na diploma yake mpya ya uuguzi wa afya ya akili, alipewa chumba kidogo kando ya stoo ya vyandarua, akakaa humo wiki tatu akipiga miayo. Hakuna aliyeingia, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa anatafuta choo.

Basi akamwendea Gamaliel, muuguzi mkuu, ambaye mtaa mzima ulimwita Titulaire kana kwamba ni jina alilobatizwa nalo.

"Titulaire, na miye nipate rangi yangu, bagonjwa bajue njia."

Gamaliel alipenda utaratibu kuliko chakula. Siku hiyohiyo akakata bidon, dumu jekundu la plastiki, vipande ishirini, akavilainisha kingo kwenye jiwe, akampa Élisée, baba wa watoto watano aliyeandikisha wagonjwa mlangoni. "Mutu akisema haiko analala, ao moyo inamupiga bure, unamupatia ya rouge. Umesikia?"

Élisée alisikia. Tatizo ni kwamba mtaa nao ulisikia. Kabla wiki mbili hazijaisha, kila mtu kuanzia sokoni mpaka barabara ya Oicha alijua maana ya nyekundu, na watu waliokuwa hawalali wakaanza ghafla kulala usingizi wa watoto wachanga. "Miye? Nalala bien, hata kukoroma nakoromaka," walimwambia Élisée huku macho yamewaiva kama pilipili. Wakasema wana kichwa, wana tumbo, wana palu. Palu ni malaria, na malaria haijawahi kumwaibisha mtu Beni.

Hapo ndipo akaja Lukman, siku ya Jumanne.

Huyu Lukman alikuwa dereva wa Fuso ya kaka yake Nassoro. Alipakia kakao na mbao Oicha, akashusha Butembo, akarudi na saruji na sabuni, na miaka kumi na miwili alifanya hivyo huku akiimba. Wanawake wa barabarani walimjua kwa mizaha yake. Lakini kwa miezi mitano sasa alikuwa haendeshi vizuri, njia ya Oicha ameiacha kabisa, na kila baada ya wiki chache alikuja kituoni kulalamika kwamba mwili unawaka, moyo unakimbia, nguvu hakuna. Gamaliel alimtibu palu mara sita na tifoide mara mbili. Alimwekea serumu mpaka mishipa ya mkono ikawa inajificha ikiona sindano.

Jumanne ile Lukman aliinama kwenye meza ya Élisée, akasema kwa sauti ndogo kwamba hajalala siku tisa. Na Élisée, mtu wa kufuata amri neno kwa neno, akachukua jetoni nyekundu akaiweka mezani, mbele ya mabenchi yaliyojaa. Ikalia to kwenye ubao. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto akajisogeza pembeni, kidogo tu, lakini kila mtu alimwona. Lukman akaitazama ile jetoni, akaishika, akatoka nayo nje bila kusema neno.

Florentine hakujua lolote mpaka Alhamisi saa sita, mabenchi yalipokuwa matupu. Mwanamke mmoja aliyejifunga kitambaa cha kahawia kichwani aliingia chumbani kwake bila kubisha, akaipiga ile jetoni mezani.

"Chukua kitu yenu," akasema.

Alikuwa Nasiba, mke wa Lukman, muuza vitenge. Hakutaka kukaa.

"Docta, munajua namna mulitufanya? Mutaa muzima banasema Lukman iko fou, iko kichaa. Batoto banamuimbia mutoto yangu ku masomo. Shemeji Nassoro amemunyanganya ufunguo ya gari. Na kesho kutwa, samedi asubui, banamupeleka Kamango, kwa ule muzee mwenye kufungaka batu kamba. Kamba, docta! Banasema miezi tatu, mupaka ile kitu itoke."

"Kamango?" Florentine akauliza. "Banapita njia gani?"

Nasiba akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Iko njia ingine? Mbau."

"Na Mbau kuko nini?"

Hapo Nasiba akakaa. Akasimulia kwamba yote yalianza baada ya siku moja ya Mbau. Waasi walishambulia, watu wakakimbia, Lukman akapita katikati na gari lake. Gari lilifika zima, yeye mzima, kakao haikupungua hata kilo. Familia ikachinja mbuzi, wakasoma dua, wakamshukuru Mungu. Siku ya tatu akaacha kulala. Alipoulizwa ameona nini, alisema hakuona kitu.

Aibu ilimpanda Florentine mpaka masikioni. Wiki zote alizokaa pale, mtu huyu alikuwa akipita mbele ya chumba chake kwenda kuwekewa serumu, na siku aliyothubutu kusema kweli, jetoni yake ikamtangaza kama mwizi sokoni. Alitaka kujitetea kwamba nia ilikuwa njema. Akaona maneno hayo hayana kazi.

"Mama Nasiba, iyi rangi ni miye niliitafuta," akasema. "Hapana Élisée, hapana Titulaire. Nilikosa. Unisamehe."

Nasiba alikuwa amekuja na matusi yake tayari, na wauguzi, tuseme ukweli, hawana desturi ya kuomba msamaha. "Sasa utafanya nini?" akauliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Samedi hakuna mutu atamupitisha Mbau."

Alisema hivyo kwa nguvu, kana kwamba ana jeshi nyuma yake. Alikuwa na kalamu, kiti na chumba cha kando ya vyandarua.

Nasiba alipoondoka, Florentine alikusanya jetoni nyekundu zote ishirini, akazitupa kwenye shimo la taka, Élisée akishangaa. Halafu akachukua kadi ya Lukman, akaingia nayo kwa Gamaliel, ambaye alikuwa anahesabu sindano.

"Titulaire, angalia. Palu sita kwa miezi tano. Sasa angalia joto. Trente-six na nusu, joto ya mutu muzima. Trente-six na nane. Hata siku moja homa haikupanda. Lakini moyo inapiga cent dix-huit, cent vingt, kupita mia, kila mara."

"Test ya tifoide ilikuwa positive."

"Hapa Beni, hata ukipima mbuzi, test ya tifoide itatoka positive!"

Gamaliel akaweka sindano chini. Alikuwa mtu mwema, nataka mjue hivyo. Usiku wa vita alizalisha wanawake kwa mwanga wa simu, na mshahara wake ulikuja ulipopenda. Lakini mwanamume aliyefanya kazi miaka ishirini na mitatu hapendi kuonyeshwa makosa yake yakiwa yamepangwa mstari, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Flore, unataka kunifundisha palu? Nilianza kutibu palu wewe ukingali ku mugongo ya mama yako."

"Siko nakufundisha palu. Nakuomba twende wote kwa ile familia. Kidole kimoja hakiue chawa."

"Ile chawa hapana yangu. Titulaire haendake kubembeleza familia. Familia njo inakuya hapa." Akazirudia sindano zake. "Wewe ukitaka, enda. Kamata na appareil ya kupimia tension ya damu. Na fungula mulango unapotoka, kuko joto."

Florentine akaiacha kadi mezani, wazi, mahali ambapo Gamaliel asingeweza kuweka kiwiko bila kuiona. Njia nzima kwenda kwenye chumba alichopanga alimjibu Titulaire kwa sauti, na mwenye kuuza mkaa akamwangalia kwa wasiwasi.

Usiku hakufikiri sana juu ya dawa. Alifikiri juu ya majirani. Muuguzi wa akili akionekana anaingia kwa Lukman, basi ni jetoni nyekundu ya pili, na safari hii imevaa blauzi nyeupe, koti la wauguzi. Alitaka njia ya kufika pale kama mvua inavyofika, kwa kila mtu.

Ijumaa asubuhi alimchukua Élisée, wakaanzia juu ya avenue ya kina Lukman, nyumba ya kwanza. "Tunapima tension, bure, kila mutu mukubwa." Loo, walivyopokelewa! Bure ni neno tamu. Watu walikunja mikono ya mashati kabla hawajaombwa. Mama mmoja alitaka apimwe mkono wa kushoto na wa kulia ili ailinganishe. Babu mmoja alikutwa na tension ya kumi na tisa, ya kutisha, akajisifu kwamba ni kubwa kuliko ya jirani yake, na Florentine akamwandikia karatasi aende kwa Titulaire siku hiyohiyo, sasa hivi, bila kupitia dirisha la malipo. Katika nyumba kumi na moja alipima, akaandika, akauliza habari za usingizi katikati ya habari za chumvi, na watu wakajibu. Kumbe mama wa mikono miwili hakuwa amelala vizuri tangu mwaka jana. Florentine aliandika hilo pia.

Nyumba ya kumi na mbili haikuwa na mlango.

Fremu ilikuwepo, bawaba zilikuwepo, lakini mahali pa mlango wa bati palining'inia kitenge cha buluu. Nyumba ya Beni bila mlango! Mji ambao watu hufunga komeo saa kumi na mbili jioni na kuegemeza meza juu yake. Bati lenyewe lilikuwa limelazwa nyuma ya jiko, na magunia mawili juu yake, kama mtu anayeogopa litainuka.

Florentine alikuwa tayari ameinua mkono apige kwenye fremu. Akaushusha. Akasimama mbali kidogo, akaita kwa sauti ya kawaida: "Salaam, baba Lukman. Ni Florentine wa ku kituo ya santé. Tuko napima tension ya avenue yote. Naweza kuingia?"

"Ingia," sauti ikajibu.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, uso kuelekea kitenge. Nasiba alikuwa kando yake. Florentine akachuchumaa chini ili asimtazame kutoka juu, akamfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akapampu. Tension ilikuwa nzuri. Mapigo yalikuwa mia moja ishirini na nne, na mtu amekaa chini.

"Mulango uliutoa wewe?"

"Njo miye."

"Juu ya sababu gani?"

"Inapigaka kelele."

Akamwuliza kama anaisikia kelele hiyo hata sasa ambapo mlango haupo. Lukman akaangalia mikono yake. Florentine hakumsukuma. Lakini kulikuwa na swali ambalo lazima liulizwe, na wenzake kituoni waliogopa kuliuliza, wakidhani ukimwuliza mtu juu ya kifo unamwonyesha njia. Yeye alijua vingine. Akauliza wazi, kwa sauti ileile ya kuuliza habari za chumvi.

"Kuko siku unawaza heri ufe?"

Nasiba akashika mdomo. Lukman akainua macho kwa mara ya kwanza, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliokuwa amekatazwa kuutaja.

"Kila siku," akasema. "Mais, lakini niko na batoto."

Wakaongea nusu saa. Florentine akamwomba Nasiba atoe dawa ya kunyunyizia kakao ambayo Lukman alisema iko chini ya kitanda na aipeleke kwa mama yake leo, na Nasiba akainuka palepale. Akamweleza Lukman kwamba huu ni ugonjwa wenye jina na wenye tiba yake, kwamba kuna dawa kidogo ya kusaidia usingizi na kuna maongezi ya kila wiki, na kwamba wengine wameupitia wakarudi kwenye usukani.

"Aksanti, docta," Lukman akasema kwa adabu. "Mais kesho ninaenda Kamango. Yaya Nassoro ameisha sema. Miye sikatalake yaya." Akashika kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Na pengine ile kamba inanifaa."

Hapo Florentine akaogopa kweli. Aliogopa kuliko alivyoogopa Alhamisi, kwa sababu Alhamisi alidhani anapigana na Nassoro. Mtu huyu angepanda gari mwenyewe, angenyoosha mikono mwenyewe.

Alirudi kituoni mbio. Gamaliel alikuwa na yule babu wa tension kumi na tisa. Florentine akamweleza yote palepale mlangoni, akamwambia gari litakuja saa kumi na mbili asubuhi. Gamaliel alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Niko na mugonjwa," akamgeukia babu. Kadi ya Lukman haikuwa tena mezani. Florentine akadhani ameitupa, na alilia kidogo kwenye stoo ya vyandarua, machozi ya hasira, akajipangusa kwa chandarua.

Jumamosi, kabla ya saa kumi na mbili, alikuwa ameketi kwenye jiwe mbele ya kitenge cha buluu. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Jeep ikaja, akashuka Nassoro, mtu mnene mwenye kofia nyeupe na hatua za mtu aliyezoea kupishwa. Chini ya kwapa alibeba mfuko wa plastiki, na kamba ilionekana ndani yake, mpya, ya manila.

"Baba Nassoro, nakusalimia kwa heshima," Florentine akasema na kusimama katikati ya njia. "Nakuomba usimupeleke."

"Mama muganga, sogea."

"Ukimupitisha Mbau utamuua."

Nassoro hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Miye niliwapatia ndugu yangu miezi tano. Mulimutoboa toboa mukono mupaka mishipa ikaisha. Mulisema palu. Mukasema tifoide. Juzi mukamupa ile kitu yenu ya rouge mbele ya batu. Leo unasema ni ugonjwa ingine. Kesho itakuwa nini? Banakuamini namna gani?"

Mtu huyu alisema kweli. Lakini Florentine hakutoka njiani. Nassoro akazunguka upande mmoja, naye akasogea upande huo. Akazunguka upande mwingine, akasogea tena. Majirani wakaanza kutoa vichwa. Mama wa mikono miwili akasema kwa nguvu, "Baba Nassoro, musikilize kwanza, huyu anapimaka vizuri!" na mtu mmoja akacheka.

Ndipo pikipiki ikasikika. Nyuma ya kitenge kitu kikaanguka; Lukman alikuwa amejitupa chini. Aliyeiendesha alikuwa Gamaliel; akaizima mbali, akaisukuma kwa miguu mpaka uani. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, siku ya Jumamosi, na kadi ya Lukman ilikuwa mkononi mwake.

Wakaingia ndani wote watatu. Nasiba akaleta kiti kwa ajili ya Titulaire. Gamaliel akakikataa.

"Baba Nassoro, sikukuya kukaa. Nilikuya kusema neno moja, mbele ya ndugu yako mwenyewe." Akaifungua kadi, ingawa hakuitazama. "Huyu hakuwa na palu. Ile ya kwanza, pengine. Ile tano ingine niliandika sababu mukono yangu imezoea kuandika. Homa haikuwa, niliona haiko, na niliandika tu. Usiku nimesoma hii kadi mara nyingi. Miye njo nilikosa. Hapana yeye Lukman, na hapana huyu mama." Akamwelekezea Florentine kidevu. "Alinionyesha, nikamufokea. Ndani ya equipe yangu ya baganga, iyi ugonjwa ni yeye anaijua. Miye najua palu. Uniachie ndugu yako tena, mais safari hii kwa mukono yake, na miye nitakuwa nyuma yake."

Mtu aliyewazalisha nusu ya akina mama wa mtaa, Titulaire wa kila mtu, amesimama mbele ya mkeka kama mwanafunzi. Florentine akamwambia kwa sauti ndogo wasingya, asante ya kwao.

Aliyesema alikuwa Lukman, kutoka sakafuni.

"Sasa kama hapana palu, niko na nini?"

Florentine akachuchumaa. "Uko na kitu ulikiona. Kingali kinapiga ndani. Baba Lukman, ule mulango unapigwa na nani?"

Nje dereva wa jeep alikuwa anasafisha kioo.

"Mwanamuke," Lukman akasema. "Pa Mbau. Batu bote walikuwa wanakimbia, na yeye alikimbia upande yangu, kando ya gari. Alipiga mulango na mukono. Hapana kulia, hapana kuita. Alipiga tu, pa, pa, pa, na aliniangalia. Fasi ilikuwa ndani ya gari, docta. Fasi ya batu batatu. Niliona kabisa iko." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nilikanyaga mafuta."

Nasiba alilia wazi. Miezi mitano alikuwa amelala kando ya jambo hili bila kulijua. Florentine hakusema pole, si kosa lako. Maneno hayo ni mepesi, na mara nyingi anayeyasema anajipoza yeye mwenyewe. Akaweka mkono wake juu ya mkeka karibu na ule wa Lukman.

Aliyejibu ni Nassoro. Kofia yake ilikuwa imeshuka mkononi.

"Hakuamua yeye," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Asubui ile nilimupigia telefone. Kila dereva wangu nilikuwa namuambia, kila mwenye gari anasemaka, ku Mbau hapana kusimama. Mais yeye nilimuongezea. Nilimuambia, Lukman, hata mama yetu afufuke asimame ku njia, usisimame. Njo maneno yangu, hivi hivi. Na yeye toka utoto hajakatala neno yangu." Aliiangalia kamba iliyokuwa chini ya kwapa kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka pale. "Alirudi na gari, nikachinja mbuzi. Sikumuuliza. Nilijua nikimuuliza atanijibu. Nikatafuta namna ya kumuweka mbali, fasi sitamusikia."

Yule mtu mnene wa kupishwa njia akaketi kwenye udongo mbele ya mdogo wake na kumnyooshea mikono yote miwili, viganja juu.

"Kama kuko mutu wa kufunga, Lukman, nifunge miye."

Lukman aliitazama ile mikono. Halafu akanyoosha mkono mmoja, akaushika wa kaka yake, akaubana.

"Hakuna mutu anafungwa hapa," Florentine akasema. "Titulaire, ambia ile gari iende. Tuko na kazi."

Gamaliel akatoka kumwambia dereva, na jeep ikageuka, ikarudi mjini tupu.